Mkono wa Kuchekea

Prof wetu wa Kiingereza alikuwa na mkono wa kuandikia na mkono wa kuchekea. Wa kulia ulishika chaki. Wa kushoto ulikaa tayari karibu na kidevu, na kicheko kilipomjia aliupandisha upesi ukafunika mdomo. Mara nyingine alisahau, akafunika kwa mkono wa chaki. Ndiyo maana masharubu yake yalikuwa meupe miaka mingi kabla ya uzee, na akina mama wa soko la Kalembe waliokutana naye saa sita mchana walijua darasa limekwendaje kwa kumtazama tu juu ya mdomo.

Kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof, hata akiwa na suruali moja. Yeye alikuwa nazo mbili, na tai moja nyekundu iliyokolea, aliyoivaa kwenye vumbi na kwenye matope, na kwetu matope ndiyo yenye mwaka. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake ni nani, kwa sababu hakutuambia, nasi hatukuuliza. Katika vilima vyetu swali hilo limewaponza watu wengi. Alikuwa Prof, basi.

Alifundisha pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza, mashariki ya Kongo, katika shule ya mbao iliyoezekwa mabati. Mvua kubwa ilipoanguka hakuna aliyesikia kitu. Walimu wengine walikaa na kuinamisha vichwa mpaka ipite. Yeye aliutumia wakati huo kufundisha somo moja ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha shule: maneno ya Kiingereza ya vicheko vidogo, vile vya kuogopa, vya kujizuia, vya kuficha. Alisema hivyo ni vicheko vya kuonekana, si vya kusikika, kwa hiyo mvua haiwezi kuvidhuru.

Aliandika ubaoni *giggle*, kisha akajikunja, akagonganisha mabega, akageuka wasichana wawili nyuma ya kanisa wakati pasta anasahau mstari. Aliandika *titter*, akafinya midomo, akawa mtu anayeogopa kucheka na anayeogopa pia kutocheka, kama watu wote wa kijiji chifu akitoa utani usiochekesha. *Chuckle* ilikuwa ya tumboni, ya Papa aliyekaa peke yake na kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akikumbuka jambo la ujana ambalo hatamwambia mkewe. Alipofika *snigger* hakuigiza. Alikuja katikati ya madawati, akainama, akapiga kelele ya kushinda mvua.

"Hii iko mubaya! Hii banacheka nayo muntu! Muntu akikucheka hivi, usimupatie jembe yako, hatairudisha!"

Tulicheka vicheko vyote alivyoviandika, na vingine visivyo na jina. Ubao ulijaa. Nilikuwa napenda somo hilo kuliko chakula, nami nilikuwa mtoto wa kula sana.

Siku moja msichana aliyekaa mbele yangu alinyoosha kidole akauliza, "Prof, na ile ya bamama zetu? Ile ya kitenge?"

Kila mtu darasani alijua anasema nini. Kwetu, mtu mzima, na hasa mama, akifika mahali pa aibu katika habari anayoisimulia, pale ambapo maneno hayapiti, hucheka. Hucheka kidogo, puani, huku amekamata pembe ya kitenge na kuiweka mdomoni. Si furaha, wala si wazimu. Na wanaosikiliza wana kazi yao: hutazama chini, hunyamaza, mmoja atasukuma kuni motoni hata kama moto unawaka vizuri. Mtoto akiuliza anacheka nini, atapigwa kibao. Wakubwa husema neno moja tu, mwache amalize, kwa sababu yanayokuja baada ya kicheko hicho ndiyo yenyewe, yale ya kwanza yalikuwa njia tu ya kufika.

Prof alifuta ubao polepole. "Ile haina neno ya Kingereza," alisema. "Haina ata ya Kifaransa. Bangereza bakishikwa na haya, banakunywa chai."

Tukaangua kicheko tena, na yeye akaweka mkono wake mahali pake. Lakini kabla ya kengele aliongeza jambo, kwa sauti ya chini, maana mvua ilikuwa imepungua. "Kicheko iko mulango ya nyuma. Yenye haiwezi kupita mbele ya bantu, inapita pale." Alikuwa anajua. Nataka msomaji akumbuke hilo, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kulimeza: alikuwa anajua kuliko sisi sote.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitukataza kabisa kumcheka mwenzetu aliyekosea kusoma, akatuadhibu kwa kulima bustani ya shule, na yeye mwenyewe alitucheka, ile ile mbaya, ya jembe. Nilisoma siku moja neno la Kiingereza la kisiwa, *island*, kwa kutamka kila herufi iliyoandikwa, na nikamwona anageukia ubao mabega yakitikisika. Jioni alipita kwetu na kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, kimefungwa katika jani la mgomba. Alimwambia mama yangu kwamba alikuwa anapita tu. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa njia, hakuna anayepita tu. Hakuomba radhi hata siku moja kwa mdomo, lakini katika darasa letu wengi walikuwa wamekula fromaji.

Na aliogopa ng'ombe. Mtu wa Masisi kuogopa ng'ombe ni kama mvuvi kuogopa maji. Walipomtuma Kirolirwe kusimamia mtihani, kwenye nchi ya malisho, ng'ombe mmoja aliingiza kichwa dirishani kutazama wanafunzi wanavyoandika. Prof alirudi nyuma mpaka ukutani, akacheka bila kukoma mpaka mchungaji alipokuja kumchukua mnyama wake. Wanafunzi wa Kirolirwe walisimulia kwamba mwalimu wa Kalembe ni shujaa, anawacheka ng'ombe usoni. Sisi tuliomfahamu tulijua kwamba hofu yake hutokea kwenye kicheko. Hata msibani ilimtokea, akatoka nje akajifanya anakohoa.

Mkono wa kuchekea alikuwa ameupata barabarani. Hilo alitusimulia mama yangu, si yeye. Kabla sijaanza sekondari, watu wenye bunduki walimsimamisha kwenye kizuizi, wakamwuliza anatoka wapi na ni mtu wa nani. Akacheka kwa woga. "Unatucheka?" mmoja alimwuliza, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Alirudi nyumbani bila jino la mbele. Tangu siku hiyo mkono haukushuka tena, na tangu siku hiyo, nadhani, aliona haya si kwa walichomtendea bali kwa alichokitoa mdomoni mwake. Aibu ya namna hiyo hukosea mwenyewe. Inamwacha mwenye bunduki aende zake na kukaa na aliyepigwa.

Vita viliporudi Kalembe tulikimbia wote, wanafunzi na walimu, na wengi wetu tukatua Mweso. Wengine walikuja kwa barabara, wengine kwa njia za msituni kutoka upande wa Walikale. Mimi nilimalizia masomo hapo, na leo ninafundisha shule ya msingi. Prof hakupata darasa. Alipata kazi ya kutafsiri kwa wageni wa mashirika waliokuja kuuliza wakimbizi habari zao, maana wengi wa wageni hao walijua Kiingereza na kidogo cha Kifaransa.

Kazi ile ilimpendeza na kumharibu. Alinunua shati jeupe. Tai nyekundu ikarudi. Alitembea mbele ya wageni kati ya vibanda vya majani na plastiki, na kabla ya kila mlango alitupangusa kwa maneno: "Mama, funga muzuri ile kitenge. Papa, usiteme mate. Batoto, mutoke. Museme muzuri, musituabishe." Mtu akisema wamekula majani ya mihogo bila chumvi, aliyatengeneza yale majani kwa Kiingereza mpaka yakawa maneno marefu ambayo hakuna anayeweza kuyala. Wazee walimsamehe. Walisema Prof anatuonea haya kwa kuwa anatupenda, kama mzazi anavyoona haya mgeni anapoingia na mtoto ana kamasi. Huenda walikuwa sahihi. Lakini mtoto anayepanguswa kila mara huanza kufikiri uso wake ndio uchafu.

Kisha siku moja akaacha. Shati jeupe likakaa. Akawa anasaidia watu kutengeneza mafiga na kuchoma makaa, na mgeni akihitaji mtafsiri yeye huwa mgonjwa. Watu walibuni sababu: amegombana na bosi, amelewa kazini, amezeeka. Nami nilibuni yangu. Kitu kimoja tu niliona bila kubuni, nacho ni kwamba hakupita tena kwenye njia ya jirani yangu Mama Riziki. Alizunguka kwa nyuma, kwenye matope, na viatu vyake vilikuwa vya kuhurumiwa.

Mama Riziki ni wa vijiji vya msituni, upande wa Walikale. Mume wake alikuwa mwindaji, akafa kabla ya yote haya. Nyumba yake na yangu zinagawana ukuta wa udongo, nami ndiye ninayemchotea maji tangu macho yake yaanze kufunikwa na utando. Alifika Mweso na mtoto mmoja mgongoni. Watoto walikuwa wawili walipoondoka nyumbani. Riziki, mkubwa, msichana mwenye kovu kwenye nyusi, alipotea njiani kwenye mto, risasi ziliposikika na kila mtu akakimbilia upande wake.

Mama Riziki hakulia juu ya hilo mbele yangu. Alingoja. Gari la shirika likisikika barabarani, alitoka nje na kugeuza sikio. "Labda njo bale bageni," alisema. "Bale nilibaambia. Banamutafuta, lakini pori iko kubwa." Miaka ilipita, mdogo akakua akaenda Goma kutafuta kazi, na yeye aliendelea kutoka nje kila gari liliposikika. Nilimwona mtu mwenye subira, nikamsifu hata kwa wanafunzi wangu. Tunapenda kusifu subira ya wengine, haitugharimu kitu.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Prof alikuja shuleni kwangu baada ya watoto kutoka. Alikuwa amekonda, masharubu yamekuwa meupe yenyewe sasa, bila msaada wa chaki. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu.

"Madame," aliniita. Zamani aliniita Kisiwa. "Niko naomba unisindikize kwa jirani yako. Kuna neno yenye nilikula yake."

Akanieleza. Wageni wale walikuwa wanazunguka kwa kazi moja tu: kuandikisha watoto waliopotea njiani, ili watafutwe katika kambi nyingine na makanisa ya Walikale. Walipofika kwa Mama Riziki, mgeni, mwanamke kijana, aliuliza alikuja na watoto wangapi. Mama Riziki akasema, "Moya," kisha akasema, "tulifika ku muto," kisha akakamata pembe ya kitenge, akaiweka mdomoni, akacheka.

Mgeni akamgeukia Prof akauliza kwa nini anacheka.

"Nilikuwa na shati nyeupe," Prof aliniambia, kama vile hiyo ndiyo sababu. "Nilikuwa napita na yule mugeni mbele ya bantu yetu, na mama anacheka. Niliona haya. Niliogopa atasema hawa bantu banachekaka bantu bao benye kufa. Nikamuambia, *giggle*. Ni haya za bamama, haina maana. Nikamuambia mama iko na mutoto moya."

Mgeni akatabasamu, akashukuru, akaenda mlango wa pili. Na Mama Riziki, ambaye hakujua Kiingereza na alikuwa ameinamisha kichwa, akamaliza. Alimweleza Prof yote. Kwamba alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na Riziki mkononi. Kwamba risasi ziliposikika sufuria iliyumba, naye akaachia mkono wa mtoto ili aishike sufuria. Ni mkono tu uliofanya, alisema, mukono ilienda peke yake. Alipogeuka, Riziki hakuwepo. Sufuria bado anayo, ninaijua, ndiyo anayopikia.

Prof alimjibu, "Sawa, Mama, tumesikia." Akamfuata mgeni. Alikusudia kumwambia kwenye mlango ule wa pili, lakini kwanza ingempasa kusema kwamba neno alilotoa halikuwa neno la mama yule. Akasema nitamwambia kwenye gari. Kwenye gari kulikuwa na bosi. Akasema kesho. Kesho yake mgeni aliitwa Goma kwa sababu barabara ilikuwa ya hatari, na hakurudi. Baadaye Prof alikwenda kwenye ofisi nyingine kueleza, wakamwuliza mbona mama mwenyewe hakusema. Akaenda Walikale mwenyewe, kwa pikipiki na kwa miguu, akiuliza kanisa kwa kanisa msichana mwenye kovu kwenye nyusi. Mtoto wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuwa dada mkubwa, na makovu ni mengi.

Nilimsikiliza na uso wangu ulikuwa wa moto. Nilimwonea haya yeye, na nilijionea haya mimi mwenyewe kwa kumwonea haya. Huyu ndiye aliyetuambia Kiingereza hakina neno lile. Alipolihitaji kweli, alichukua la wasichana wa nyuma ya kanisa. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nayo, mengine kwa Kiingereza. Nikachukua bidoni yangu, dumu la maji, na tukaondoka.

Mama Riziki alikuwa amekaa karibu na moto, sufuria juu ya mafiga. Nilimwambia nimekuja na Prof wa zamani.

"Prof!" alisema, na uso wake ukafunguka. "Karibu, karibu. Weye njo ulinipelekea neno yangu kwa bale. Miaka yote sijakuaksantia."

Mvua ikaanza kugonga plastiki. Prof alikaa kwenye bidoni, akavua kofia. Alisema, "Mama, ile siku ya mugeni," na hakwenda mbele. Kicheko kilimtoka. Kidogo, puani. Mkono wa kushoto ulipanda kama ilivyo desturi yake, ukafika kidevuni, kisha nikauona unashuka. Akauweka juu ya goti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona mdomo wake wote, na pengo la jino, na machozi yakipita juu ya masharubu.

Mama Riziki, asiyeona, aligeuza sikio. "Nani iko anacheka?"

Nilifungua mdomo. Sikujua nimpe neno gani. "Iko Prof, Mama," nilisema.

Hakuuliza anacheka nini. Aliinamisha macho yake yasiyoona, akayaelekeza ardhini, akanyoosha mkono akasukuma kuni motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. "Muache amalize," aliniambia.

Prof akamaliza. Alisema yote, shati, neno, mlango wa pili, gari. Hakujitetea popote.

"Kwa hiyo," Mama Riziki alisema, "hakuna mwenye iko namutafuta."

"Hapana, Mama. Hakuna."

"Tangu ile siku."

"Tangu ile siku. Mimi tu nilienda, na sikumuona."

Nilifikiri atatufukuza, na ningeondoka bila kinyongo. Alipapasa sufuria, akaigeuza mafigani ikae sawa. Kisha akasema, si kwa upole, "Kesho utanipeleka kwa bageni bengine. Kama banaisha kufunga, tutaenda Goma. Nitasema tena kila kitu, toka mwanzo."

"Ndiyo, Mama."

"Nikifika ku muto nitacheka. Najijua, sitaweza kuzuia. Na batakuuliza juu ya nini niko nacheka." Aligeuza uso wake upande ule sauti ya Prof ilikokuwa inatoka. "Utabaambia nini?"

Prof alitafuta. Nilimwona anatafuta, midomo ikicheza kidogo, kama zamani mbele ya ubao uliojaa. Mikono yake yote miwili ilibaki magotini.

"Nitabaambia bangoje, Mama," alisema. "Bangoje umalize."